Salamu Zilizokatwa

Asubuhi ya Alhamisi Inspekta Chausiku aliisoma tena ile karatasi, na ikamwambia yale yale iliyomwambia Jumatatu, yaani karibu na bure. Ilikuwa na mistari saba tu. Alikuwa ameishika mno hata pembe zake zimelegea, na bado hakuipenda.

NASIEKU: Ndiyo hiyo. Ipokee.
NASIEKU anatuma faili: mashahidi wa mipaka.
CHANIKA 1: Inakuja.
CHANIKA 1 amepokea faili.
CHANIKA 1: Majina yote yamo?
NASIEKU: Yote. Soma peke yako.
CHANIKA 1: Sawa.

Juu yake tarehe: Jumanne, 13 Septemba 2005, saa saba na dakika ishirini mchana.

Kwa karatasi hiyo binti wa miaka ishirini na mitatu alikuwa amelala mahabusu ya Korogwe siku tatu. Kwa karatasi hiyo hiyo kesho saa mbili angepandishwa gari la polisi kwenda mahakamani. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alikwisha kusema hataki kusikia tena habari ya kuongezewa muda. Alisema hivyo huku akijikuna sikio kwa kalamu, na Chausiku akatoka ofisini mwake na hasira ambayo hakuwa na pa kuipeleka.

Mambo yenyewe yalikuwa mepesi kuyaeleza, na hilo ndilo lililomkera. Mradi wa kupima mipaka ya vijiji, wenye ofisi yake kuu mjini Korogwe na tawi Handeni, ulichukua maneno ya wazee kumi na mmoja wa kijiji cha Kwamhosi, upande wa Handeni. Wazee walieleza mipaka ya zamani ilipita wapi. Waliahidiwa kwamba majina yao hayatatoka nje. Ijumaa ya wiki iliyopita ghala la mmoja wao, Mzee Mdoe, lilichomwa moto, na mzee akaungua mikono yote miwili akiokoa mbegu. Mlangoni kwake iliokotwa orodha ya majina kumi na moja, imechapwa kwa kompyuta, na jina lake limezungushiwa wino.

Majina yalikuwa yametoka. Swali likawa yametokea wapi, na hapo ndipo Adamu, kijana fundi wa kompyuta wa mradi, alipojitokeza na jibu lake safi.

Ofisi nzima ilikuwa na programu ya kuchati. Watu wa Korogwe na wa tawini waliulizana mambo humo badala ya kupiga simu. Lakini walikuwa wakitumiana pia picha za harusi na nyimbo, virusi vikaingia, mtandao ukawa unatambaa. Mwezi Agosti Adamu akafunga kutumiana mafaili katika kompyuta zote. Kuchati ruksa, faili hapana. Aliiacha wazi kompyuta moja tu, ya Nasieku, kwa sababu Nasieku ndiye aliyetuma fomu tawini kila siku. Waraka wa kutangaza hilo ulichapwa na karani mkuu, Bi Zamda, ukatiwa sahihi na mratibu wa mradi, Bwana Mhina, ukabandikwa mlangoni kwa gundi. Kwa maelezo ya Adamu, faili lisingeweza kupita popote pengine, hata aliyelituma angekuwa malaika.

Jumatatu alitaka kumweleza Chausiku habari ndefu ya jinsi programu inavyoweka kumbukumbu ya mazungumzo. Chausiku alikuwa amesimama tangu alfajiri na kichwa kinamgonga.

“Sitaki porojo, Adamu,” alimwambia. “Nipe panapohusu faili, basi.”

Adamu akampa mistari saba.

Baada ya hapo kila kitu kikajipanga chenyewe dhidi ya Nasieku. Ukoo wake ni wafugaji, na kaka yake Lemayian huchunga ng'ombe upande ule ule wa Kwamhosi. Wote ofisini waliona jambo limekwisha: wafugaji wanataka njia ya ng'ombe, wakulima wamewazibia, binti yao ameiba majina. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Walisema kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya mnada.

Nasieku mwenyewe alieleza kwamba saa saba ile alikuwa amekwenda kula kwa mama ntilie karibu na stendi, na kompyuta aliiacha wazi jina lake likiwa ndani. Hakuna anayefunga, alisema, maana kuingia tena kunachukua dakika kumi, na wakati mwingine hukubaliwi kabisa. Hilo Adamu alilithibitisha kwa kuona haya. Lakini mama ntilie analisha watu mia kwa siku na hakumkumbuka. Bwana Mhina alikuwa Bungu wiki ile tangu Jumatatu mpaka Jumatano na dereva wake, kitabu cha gari kinaonyesha, na dereva ameapa. Adamu alikuwa Tanga akifuata kifaa. Akabaki Bi Zamda, ambaye alisema alikwenda kuswali adhuhuri, na aliporudi alimkuta Nasieku amekaa kwenye kiti chake anachapa.

Alisema hayo akilia. Bi Zamda alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mpole, ambaye ofisi nzima ilimwita mama. Tangu Jumanne alifika kituoni kila asubuhi na chupa ya uji na kitambaa cha maandazi, akaketi kwenye benchi la mapokezi mpaka wampokelee. Chausiku humwamkia, na mama huyo humuuliza za watoto, kisha husimulia habari za kwao Handeni, za kaka yake mkubwa mwenye kidonda cha mguu kisichopona, ambaye yeye humtumia dawa kwa basi. Jumatano alimwambia Chausiku, “Hata kama amekosa, mwanangu, ale.” Chausiku aliyatafuna maneno hayo siku nzima na kujiona yeye ndiye mwenye roho ngumu.

Yalikuwa yamebaki mambo mawili ambayo hajayagusa. La kwanza Lemayian. La pili lile jina la mpokeaji, Chanika 1, ambalo Adamu alilifuatilia jana jioni mpaka akagundua kwamba ni kompyuta namba moja ya intaneti kafe iliyoko Chanika, mjini Handeni. Chausiku alipanda basi la saa kumi na mbili na nusu. Lilipata pancha kabla ya Sindeni, wakakaa kando ya barabara saa nzima huku vumbi la malori likiwapitia, na Chausiku akawa anahesabu saa zilizobaki mpaka kesho saa mbili.

Lemayian alikuwa anamngoja katika kituo cha polisi cha Handeni, maana alikwisha kuitwa tangu Jumanne na kila siku alikuja mwenyewe bila kufuatwa. Alikuwa mwanaume mrefu wa miaka kama thelathini, shuka limefungwa vizuri, viatu vya tairi. Polisi wa pale walikuwa na shahidi aliyemwona akipita Kwamhosi na ng'ombe siku ya moto. Chausiku aliwauliza shahidi alimwona saa ngapi. Saa tatu asubuhi, wakasema. Ghala liliungua saa mbili usiku.

Lemayian alitoa karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne. Kilikuwa kibali cha kusafirisha mifugo, na kina muhuri wa mnada wa Mkata, Ijumaa ile ile. Nyuma yake ofisa mifugo alikuwa ameandika kwa mkono kwamba ng'ombe tisa walilala zizini mnadani pamoja na mwenyewe, kwa sababu mnunuzi alichelewa.

“Hii umewaonyesha hapa?” Chausiku aliuliza.

“Kila siku.”

Chausiku aliwageukia polisi wawili waliokuwa pale. Mmoja aliangalia dirishani. Mwingine alisema walidhani ni ya kughushi, kisha akasema hawakuwa na simu ya kumpigia ofisa mifugo. Chausiku alipiga mwenyewe kwa simu yake ya mkononi, akiwa amepanda juu ya tofali nje ili apate mtandao, na ofisa mifugo akamthibitishia kwa dakika moja. Siku mbili za binti wa watu zilikuwa zimepotea kwa kukosa dakika moja ya simu.

“Afande,” Lemayian alimwambia walipokuwa wanaagana, “kama bado mnataka mtu wa kwetu, nishikeni mimi. Nasieku ndiye wa kwanza kwetu kukaa ofisini. Akifungwa, baba hatampeleka mwingine shule. Ameshasema.”

Hakuwa na hasira alipoyasema, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. Chausiku alimwambia atajitahidi, neno ambalo polisi wote husema, na akalichukia lilipokuwa linatoka kinywani.

Chanika ilikuwa na intaneti kafe mbili. Moja ilikuwa imefungwa na kufuli lake lina kutu. Nyingine ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la simenti na duka la mitumba, kompyuta nne zilizochakaa na feni, na mwenyewe aliitwa Yuditha, mama wa miaka thelathini hivi, mwenye daftari la wateja alilolishika kwa fahari. Kila anayeingia huandika jina, saa, na namba ya kompyuta. Chausiku alifungua tarehe kumi na tatu. Kompyuta namba moja, saa sita na dakika hamsini: *Mteja*.

“Mteja?” aliuliza.

“Wengine hawapendi kuandika jina,” Yuditha alisema. “Siwezi kuwalazimisha, nitabaki na feni peke yangu.”

Chausiku alifunga daftari taratibu ili asilitupe. Kilometa sitini na kitu za vumbi, pancha, saa nzima barabarani, na mwisho wake ni Mteja. Alimshukuru, akasimama, kisha kwa kukosa la kufanya tu akamuuliza kama anamkumbuka mtu huyo kwa lolote.

“Huyo namkumbuka sana. Ndiye aliyenitesa na salamu.”

Chausiku akaketi tena.

Yuditha alieleza kwamba mtu yule hakujua kompyuta. Alikuja na jina la programu limeandikwa kwenye kipande cha boksi la sigara, akaomba aingizwe humo, akawa anachapa kwa kidole kimoja. Alikuwa anatafuta kila herufi kama aliyeangusha sindano. Yuditha alimsogelea kumsaidia kupokea faili, na kabla ya faili alikaa naye karibu dakika kumi nzima za kusalimiana.

“Nikamwambia baba, muda unakwenda, andika shida yako. Akasema hawezi kuanza na shida kabla hajaamkia.”

“Kuamkia,” Chausiku alirudia. “Aliandika nini hasa?”

“Shikamoo. Mimi ndiye niliyemwonyesha K ilipo.”

“Ni mtu wa umri gani?”

“Wa makamo. Arobaini imempita. Ana mvi hapa,” Yuditha aligusa juu ya masikio yake. “Mimi mwenyewe nilimwamkia alipoingia. Nikimwona namjua.”

Chausiku alitoa karatasi yake na kuitandika juu ya daftari. Mistari saba. Hapakuwa na shikamoo hata moja. Mazungumzo yalianza kwa *ndiyo hiyo, ipokee*, na katika siku zote hizi hakuwahi kujiuliza ni watu gani wa nchi hii wanaoweza kuanza hivyo, hata wakiwa wanaiba. Alimwomba Yuditha aandike maelezo yake kwa mkono, akamsomea, wakayatia sahihi wote wawili.

Basi la kurudi halikupata pancha. Alifika ofisi ya mradi saa kumi kasoro robo. Bi Zamda alikuwa ameondoka mapema, mlinzi alisema, hajisikii vizuri. Adamu alikuwa chini ya meza anafunga nyaya.

“Adamu, toka huko. Nataka mazungumzo yale ya tarehe kumi na tatu. Yote.”

“Si nilikupa?”

“Ulinipa yanayohusu faili.”

“Ulisema hutaki porojo, afande.” Alitoka akijifuta magoti. “Nilikata salamu tu. Mimi huwa nazikata. Watu hapa wanasalimiana nusu ukurasa, wino wenyewe mpaka uagizwe Tanga. Bwana Mhina alishasema tusichape visivyo na kazi.”

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na ya kwanza ndiyo yaliyomuuma Chausiku. Fundi alifunga mafaili ofisi nzima asibakishe upenyo, akalinda mlango wake mmoja kwa uaminifu, kisha akakata kwa mkono wake kitu pekee kilichoonyesha ni nani aliyepita hapo. Na aliyemwambia akate alikuwa yeye Chausiku, kichwa kinamgonga, hataki porojo.

Adamu alifungua kumbukumbu. Mistari ilipanda kwenye kioo, nao wakaisoma wamesimama.

CHANIKA 1: Shikamoo
NASIEKU: Marahaba. Hamjambo huko?
CHANIKA 1: Hatujambo
CHANIKA 1: Mzee mguu bado
NASIEKU: Dawa anapaka?
CHANIKA 1: Anapaka. Imekwisha karibu
NASIEKU: Nitatuma nyingine Alhamisi. Nisalimie.
CHANIKA 1: Zimefika
NASIEKU: Ndiyo hiyo. Ipokee.

Adamu aliisoma mara moja kwa haraka, kisha akarudi juu na kuisoma polepole. Alipofika kwenye mstari wa pili aliacha kusoma.

“Nasieku hawezi kuitikia hivi,” alisema. “Nasieku ananiamkia hata mimi, na nimemzidi miaka mitatu.”

“Nionyeshe siku nyingine alizochati na tawini.”

Alimwonyesha. Walichukua siku kumi. Katika siku kumi Nasieku aliandika shikamoo mara thelathini na moja, kwa mkuu wa tawi, kwa dereva, kwa mpima ardhi, kwa mlinzi aliyekuwa amekalia kompyuta kwa bahati tu. Marahaba hakuiandika hata mara moja. Chausiku alimwagiza Adamu achape kila kitu, salamu zote, bila kujali wino, na aweke sahihi na saa kwenye kila ukurasa. Adamu alifanya hivyo. Printa ilikuwa inalia na kukwama, naye alikuwa anaipigapiga ubavuni, na hakuna kati yao aliyetaja jina. Ofisini palikuwa na watu wawili tu ambao mtu mwenye mvi angewaamkia. Mmoja alikuwa Bungu.

Mguu wa mzee ndio uliomrudia Chausiku kichwani. Aliusikia mara ngapi, pale kwenye benchi, na akasema pole.

Alimpigia mkuu wake. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, hilo lazima lisemwe, kisha akamwambia kwamba hakimu hatamwachia mtu kwa sababu ya marahaba. Anataka mtu aliyekiri au mpokeaji aliyekamatwa. Mpokeaji hana jina. Gari linaondoka saa mbili kamili, na binti atakuwemo, alisema, na kama Chausiku ana la kuongeza alilete kabla ya hapo. Akakata simu. Chausiku alibaki ameishika sikioni huku Adamu akimtazama, na akatukana kwa Kishambaa, lugha ya mama yake, ambayo hakuitumia kazini.

Ijumaa alifika kituoni saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa amekwisha kujipangia. Angeingia, asingesalimu, angeweka karatasi mezani na kuuliza swali moja. Mtu ukishamwamkia umekwisha kumpa kiti cha juu, na yeye alitaka kuuliza akiwa juu. Aliyarudia hayo njia nzima kutoka nyumbani.

Bi Zamda alikuwa kwenye benchi, chupa ya uji mapajani, kitambaa cha maandazi pembeni. Alikuwa amevaa khanga mpya na macho yake yamevimba.

“Shikamoo, mama,” Chausiku alisema. Ulimi ulikuwa umetangulia.

“Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?”

Chausiku alisimama pale. Askari wa mapokezi alikuwa anasugua kitu kwenye kaunta na hakuinua kichwa. Chausiku alitoa ukurasa wa kwanza, ule wenye sahihi ya Adamu chini, akaulaza juu ya chupa ya uji, akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

Bi Zamda alitafuta miwani yake kwenye mkoba. Alichukua muda mrefu. Alisoma mpaka chini, mpaka kwenye *soma peke yako*, kisha akaivua miwani na kuikunja.

“Sikujua kwamba inaandika na salamu,” alisema.

Akaeleza bila kuulizwa zaidi, kwa sauti ile ile aliyosimulia habari za kwao. Mtu yule ni Simeo, mtoto wa kaka yake mwenye kidonda. Shamba la ukoo wao liko Kwamhosi na limepakana na la Mzee Mdoe. Mashahidi walisema mpaka unapita kisimani, na kwa maneno hayo ukoo wao unapoteza upande wote wenye maji. Simeo alitaka tu kujua ni nani aliyesema. Yeye alijua kompyuta ipi imeachwa wazi kwa sababu waraka aliuchapa mwenyewe. Alingoja Nasieku aende kula. Alimwambia Simeo asome peke yake, na Simeo akasema sawa. Hapakuwa na ng'ombe wala mfugaji katika jambo hilo tangu mwanzo, ni majirani wawili na kisima.

“Na binti?” Chausiku aliuliza. “Ulisema ulimkuta kwenye kiti.”

“Nilidhani mtamwachia. Kila siku nilisema, kesho watamwachia.” Alishika chupa kwa mikono miwili. “Nikamletea uji.”

Chausiku alikuwa na mengi ya kusema, mengine makali sana, na aliyapanga tangu jana. Alikuwa amekasirika na mama huyu, amejikasirikia mwenyewe, na juu ya yote alikuwa bado anamwonea huruma, jambo lililomkasirisha kuliko yote. Alimwita askari alete fomu ya maelezo. Akamsomea Bi Zamda haki zake, neno kwa neno, akaandika, akamsomea tena, Bi Zamda akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa karani. Simeo Kilango, wa Kwamhosi. Saa moja na dakika ishirini simu ilipigwa Handeni, na safari hii polisi wa kule walipata mtandao.

Mkuu alisoma maelezo akiwa amesimama. Alijikuna sikio. Akasema gari liondoke bila yule binti, na akamwambia Chausiku kwamba kazi ni nzuri ila ingekamilika mapema kidogo ingekuwa nzuri zaidi. Chausiku alisema ndiyo, afande. Lilikuwa ndilo jambo la kweli kuliko yote aliyowahi kuambiwa na mkuu yule.

Nasieku alitolewa saa moja na dakika hamsini. Alitoka ameshika viatu mkononi, nywele zimejaa vumbi la sakafu, macho yanapepesa kwa mwanga wa mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemweleza chochote zaidi ya kwamba yuko huru. Chausiku alifungua kinywa amweleze, na akachelewa.

Nasieku alikuwa amekwisha kumwona Bi Zamda kwenye benchi, na chupa yake. Akaweka viatu chini, akapiga goti kidogo kama alivyozoea kila asubuhi ofisini.

“Shikamoo, mama,” alisema. “Ahsante kwa uji.”

Bi Zamda aliinua uso. Midomo yake ilifunguka, na watu wote mapokezini walingoja, hata yule askari wa kaunta akaacha kusugua. Haikutoka. Nasieku alibaki ameinama pale, akingoja kuitikiwa, akimtazama mama yule na kisha Chausiku, na kisha zile karatasi zilizokuwa juu ya benchi.